Musawo wa Macho Anajibu: Jicho Lililoshonwa

Mwezi huu nimeziweka kando barua za miwani na za macho mekundu ya vumbi. Zitangoja. Tangu nilipomjibu kwa mistari mitatu kijana wa Malaba aliyechomwa jicho na spoku ya baiskeli, barua za watu walioshonwa jicho zimenijia nyingi kuliko nilivyotarajia, na mistari mitatu haikuwatosha.

Kwa wasomaji wapya: mnaniita musawo, nami naitika, lakini mimi si daktari bingwa. Ni afisa wa kliniki wa macho. Nilisomea Jinja, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia nikiwa nimesimama kando ya darubini ya upasuaji nikimkabidhi daktari sindano, au nimeketi mbele ya ile mashine ya kuwekea kidevu nikizitoa nyuzi alizozitia. Marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani, akishona gomesi na sare za shule barazani kwetu Namatala, Mbale. Nitamtaja zaidi ya mara moja. Mniwie radhi.

Musawo, shikamoo. Mwanangu wa miaka sita alichomwa jicho na kijiti cha muhogo wakicheza. Walimshona nyuzi nne, wakaniambia nimrudishe baada ya wiki tatu zitolewe. Jirani yangu, mzee, alishonwa mwaka jana na nyuzi zake zilikaa zaidi ya miezi mitatu. Je, hawamharakishi mtoto? Nauli ni kubwa, nilikuwa nafikiri ningoje likizo. — Mama Hassan, Busia

Marahaba, Mama Hassan. Usingoje likizo. Sababu nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana ndani yake mmo majibu ya nusu ya barua nyingine zote.

Kilichochomwa ni konea, kile kioo cha mviringo kilichoifunika ile sehemu nyeusi au ya kahawia ya jicho. Unene wake katikati ni nusu milimita tu na kidogo, pembeni huzidi. Ili mwanga upite, haina mshipa hata mmoja wa damu. Hewa huipata kwenye machozi, na chakula kwenye maji yaliyo nyuma yake. Sasa fikiria kidonda cha goti. Damu hufika na kila kitu cha ujenzi, na ndani ya wiki mbili mtoto anapanda tena mwembe. Konea haina lori la kuileta hiyo saruji. Ngozi yake ya juu kabisa hujifunika haraka, siku chache tu, ndiyo maana mtu huacha kuumwa akadhani amepona. Lakini chini ya ngozi hiyo ndipo penye unene wote, karibu sehemu tisa kati ya kumi: nyuzinyuzi za kolajeni zilizopangwa sambamba, tabaka juu ya tabaka, kama mkeka wa bibi mwenye mkono mzuri. Hizo zikikatwa huungana polepole mno. Ni kazi ya miezi, na kwa mtu mzima hata mwaka na zaidi, na bado kovu halirudishi nguvu zote za konea iliyozaliwa nayo. Muda huo wote kinacholishikilia jicho ni uzi.

Ndiyo maana mzee jirani yako aliachiwa nyuzi zake. Mwili wake unajenga taratibu. Wa Hassan unajenga mbio. Baada ya wiki chache kidonda cha mtoto kimeshika na uzi umeanza kulegea, na uzi uliolegea hauna tena faida ila madhara. Ute hunata juu yake, vijidudu hupata njia ya kuingilia, na mishipa ya damu huanza kutambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuufuata. Mishipa ikishaingia kwenye konea, mahali palipokuwa kioo panakuwa ukungu.

Mtoto wa miaka sita hatakaa kimya sindano ikimkaribia jicho, kwa hiyo huenda wakamlaza kwa dawa ya usingizi. Uliza mapema kama anatakiwa asile asubuhi hiyo. Nimewaona wazazi wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya kikombe kimoja cha uji, na nauli imekwisha.

Na kuna jambo ambalo pengine hawakupata nafasi ya kukuambia. Hadi kama miaka saba au minane ubongo wa mtoto bado unajifunza kuona. Jicho likiwa na ukungu, ubongo hulipuuza na kulitegemea lile jingine, na baadaye hata tukilisafisha kabisa halioni vizuri. Tunaliita jicho vivu. Dawa yake ni kuliziba jicho lisiloumia kwa saa watakazokuambia kila siku, ili lile lililoumia lilazimike kufanya kazi. Hassan atalia, ataibandua plasta, atakuchukia kwa wiki nzima. Mrudishie plasta.

Akipata wekundu mpya, akikimbia mwanga, au ukiona kidoa cheupe kwenye mguu wa uzi, siku tatu kabla ya tarehe au wiki mbili kabla ya tarehe, nenda siku hiyo hiyo.

Musawo, mimi ni mvuvi wa Masese. Ndoana ya mwenzangu iliruka ikanipata jicho la kulia, nikashonwa. Daktari alisema uzi ni nailoni. Nailoni naijua mimi! Hukaa juani na majini ikakakamaa ikakatika. Kwa nini wasitumie hariri, au ule uzi unaoyeyuka wenyewe, tusisumbuke kurudi? — B., Jinja

Ndugu yangu B., barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha. Wewe na daktari wako mnatumia kitu kile kile, ila wako unanasa sangara.

Nailoni ilitengenezwa mwaka 1935 Marekani, katika maabara ya kampuni ya DuPont, na kundi la Wallace Carothers. Hakuna aliyekuwa anafikiria macho. Ile tunayoitumia kwenye konea tunaihesabu kwa sifuri: kadiri sifuri zinavyozidi, ndivyo uzi unavyozidi kuwa mwembamba. Wa konea ni wa sifuri kumi. Unene wake ni milimita 0.02 hadi 0.03; nyuzi mbili au tatu kama hizo zikipangwa ubavu kwa ubavu hukaribia upana wa unywele wako mmoja. Ukidondoka kwenye kitambaa cha kijani cha thieta hatuuoni mpaka tulete darubini, na mtu akipiga chafya ndiyo basi.

Hariri ilitangulia. Ni laini, fundo lake halifunguki, na daktari wa zamani atakwambia aliipenda. Lakini hariri ni protini ya mdudu, na mwili huitambua kuwa ni mgeni. Tena imesokotwa kwa nyuzi ndogo nyingi, na kati ya nyuzi hizo vijidudu hupata pa kulala, kama taka zinavyokaa kwenye kamba ya katani na zisikae kwenye waya. Jicho lililoshonwa hariri huvimba na kuwa jekundu zaidi, na mishipa ya damu huifuata. Bado tunaitumia kwenye kope, au kulivuta jicho upande mmoja wakati wa upasuaji na kuitoa tukimaliza. Kwenye konea, hapana.

Uzi unaoyeyuka upo. Ule wa poliglaktini humezwa na mwili kwa siku 56 hadi 70, lakini nguvu zake huondoka mapema zaidi, ndani ya wiki tatu au nne hivi. Soma tena nilichomwandikia Mama Hassan. Konea ya mtu mzima kwa wiki nne bado haijajishika. Uzi ungekuacha katikati ya ziwa bila kasia. Tena mwili ukiwa unaumeza hufanya ghasia kidogo, na ghasia kwenye konea huacha kovu. Tunautumia kwenye ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, ambao una damu yake na hupona haraka. Na madaktari wengine huutumia kwa watoto wadogo ili wasilazwe tena kwa ajili ya kutoa nyuzi.

Kuna polipropilini, ambayo haiozi kabisa, lakini inateleza na fundo lake ni gumu kulidhibiti. Kuna poliesta, isiyooza wala kunyumbuka, na hapo ndipo tatizo lake. Jicho lililoumia huvimba, kisha uvimbe hushuka. Uzi usionyumbuka utaukata mwili laini kama waya unavyokata sabuni, au utabaki umelegea. Nailoni hunyumbuka kidogo na kurudi, ni uzi mmoja usiosokotwa, na mwili hauushughulikii sana. Haina ushindi mkubwa kwenye jambo lolote moja. Ina makosa machache.

Kosa lake ni lile ulilolisema wewe. Maji huila. Kila mwaka hupoteza kama sehemu moja kati ya kumi ya nguvu zake, na baada ya mwaka mmoja au miwili uzi ulioachwa huanza kukatika wenyewe, hasa pale ulipo karibu na uso. Ncha yake husimama, na kila ukipepesa jicho utahisi punje ya mchanga wa Masese. Ukihisi hivyo usisugue wala usinunue matone. Nenda wautoe.

La mwisho, kwa kuwa nyinyi wavuvi mnakaa na ndoana: ikiingia jichoni kwa mwenzako, msiivute kuirudisha nyuma. Ule mwiba uliowekwa ili samaki asichomoke utalipasua jicho mara ya pili. Mwekeeni kitu kigumu cha kukinga kisichogusa jicho, hata nusu ya kikombe cha karatasi, apelekwe na ndoana yake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Katwe. Jiwe la kusagia lilipasuka likanikata jicho la kushoto. Wameshona, wanasema limepona. Lakini kila kitu nakiona na kivuli chake, na taa za barabarani zina mikia. Nimenunua miwani mara mbili mjini, zote bure. Huyu daktari hakuniharibu? — Fundi Juma

Fundi Juma, hukuniambia ni miezi mingapi imepita, wala kama nyuzi bado zimo. Nadhani zimo. Kama zimo, fedha za miwani umezitupa kwenye mfereji wa Nakivubo.

Mama yangu alikuwa akiniwekea kitambaa cha gomesi mezani, ananionyesha mshono wa mwanafunzi wake. Uzi ulivutwa sana, na kitambaa kimejikunja pande zote mbili kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. "Uzi haukazi nguo," alikuwa anasema, "uzi unazikutanisha." Konea ni kitambaa kilichotandazwa juu ya mpira. Inatakiwa iwe duara sawasawa kila upande, ndipo mwanga ukutane mahali pamoja nyuma ya jicho. Uzi mmoja ukikazwa kupita kiasi, pale ulipo panabonyea na katikati ya konea panachongoka kuelekea upande huo. Mpira umekuwa yai. Mwanga sasa unakutana mahali pawili, na wewe unaona taa zenye mikia.

Je, daktari alikosea? Huenda hakukosea. Kidonda cha jiwe la kusagia hakikatwi kwa rula, kina kona na vipande, na wakati mwingine uzi unapaswa kukazwa ili maji yasivuje. Kwanza huokolewa jicho. Kuona vizuri huja baadaye, na huja kwa hatua.

Nikueleze anachokifanya, maana wewe ni fundi utaelewa. Sindano yake imepinda, na ncha yake ni bapa, inakata kwa pembeni ili isitumbukie chini. Anaipitisha kwenye unene wa konea hadi kama sehemu nane au tisa kati ya kumi, bila kutokeza upande wa ndani. Akipita juujuu, kidonda kitafumba usoni na kubaki wazi kwa ndani, na maji ya jicho yatakaa humo yaivimbishe. Akitoboa hadi ndani, amefungua mlango wa vijidudu. Na kumbuka tunasema unene wa nusu milimita! Kisha kina cha upande huu kiwe sawa na cha upande ule. Visipolingana, ukingo mmoja unapanda juu ya mwenzake kama shati lililokosewa vifungo. Kwenye sehemu za pembeni hutia mishono mirefu yenye kukazwa, na kadiri anavyokaribia katikati hutia mifupi na kuilegeza, ili katikati pabaki na mviringo wake. Mbele ya mboni kabisa hukwepa kama anaweza, kwa sababu kila tundu la sindano huacha kovu lake. Fundo hulizungusha mara tatu, kisha moja, kisha moja, hukata karibu kabisa, na hulivuta liingie ndani ya tundu la sindano lisiikwaruze kope. Na kwa majeraha kama yako kila mshono hufungwa peke yake. Uzi mmoja mrefu unaozunguka, kama mshono wa gunia, ni mzuri kwa konea iliyopandikizwa, ambayo ukingo wake ni duara safi. Hata huko wengi hupendelea mishono 16 iliyo mbalimbali. Faida ya mishono mbalimbali ni kwamba tunaweza kuutoa mmoja na kuwaacha wenzake.

Hilo ndilo unalolihitaji. Rudi waupime mviringo wa konea yako. Kuna chombo kinachoonyesha ni upande upi umevutwa. Kama miezi mitatu hivi imepita na kidonda kimeshika, daktari atautoa uzi unaokaza, na mara nyingine mgonjwa huona tofauti kabla ya kufika getini. Watapima tena wiki kadhaa baadaye, watoe mwingine. Ukishatolewa wa mwisho, ngoja kama wiki sita konea itulie. Baada ya hapo ndipo ukapime miwani. Kama kovu lenyewe halina mpangilio, miwani haitatosha, na lenzi ngumu ya kuvaa juu ya konea itafanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake. Lakini lenzi kama hiyo na vumbi la chuma la Katwe ni maadui, hilo nalisema wazi.

Nilipokuwa mwanafunzi tulifanya mazoezi kwa macho ya mbuzi kutoka machinjioni. Mshono wangu wa kwanza niliuona mzuri ajabu, umebana, haupitishi hata pumzi. Mwalimu akaangalia kwenye darubini, akanyamaza, akaniuliza kwa jina la kabila langu: "Mugisu, unashona gunia la kahawa?" Darasa zima likacheka. Nikaufungua, nikashona upya mara kumi na moja jioni ile, na jicho la mbuzi likawa limeshakuwa kama chujio.

Na hiyo miwani ya kukinga, Fundi. Najua inatoa jasho.

Ni kweli hospitali wanatumia superglue badala ya kushona? — Msomaji, Tororo

Ndugu yangu, ndiyo. Tundu dogo la milimita mbili hivi, hasa lililochimbwa na kidonda cha usaha, mahali ambapo mwili umeoza kiasi kwamba uzi ungeuchana, daktari hulikausha na kulitia tone dogo sana la gundi ya jamii hiyo, kisha hufunika kwa lenzi laini ili kope isikwaruzwe. Gundi ya kitabibu imetengenezwa isiunguze sana. Ya dukani huunguza.

Nilichokiona mimi mara kadhaa ni kinyume: mtu amechukua gundi usiku akidhani ni dawa ya macho, kwa sababu vichupa vinafanana, na kope zimegandana. Usizivute. Maji ya uvuguvugu, na kliniki.

Musawo, baba yangu alitolewa mtoto wa jicho miaka ya tisini akashonwa nyuzi tano au sita. Mwaka huu mama ametolewa wake, na hawakumshona hata uzi mmoja! Tumeshtuka. Walisahau? — Mwanafunzi, Arua

Hawakusahau, mwanangu. Baba yako alikatwa ukingoni mwa konea, mkato wa milimita 10 au zaidi, ili lenzi nzima iliyoharibika itoke. Mkato kama huo usiposhonwa ungefunguka akiinama kufunga kamba za viatu. Kwa mama yako daktari alianza nyuma, kwenye weupe wa jicho, akachimba njia ndogo ya kwenda mbele kati ya tabaka, kama fuko, akatokea ndani ya konea. Mlango wa nje ni milimita sita au saba. Lenzi ilitoka kupitia humo, na ya plastiki ikaingia humo. Alipomaliza, shinikizo la jicho lenyewe lilisukuma kipande cha ndani kikafunika njia. Kadiri jicho linavyojaa maji, ndivyo mlango unavyojifunga. Njia hii ilisambaa sana kwa kazi ya Sanduk Ruit kule Nepal, kwa sababu inafaa mahali penye wagonjwa wengi na mashine chache, na kwetu Uganda ni kazi ya kila siku.

Weupe wa jicho una damu karibu, hupona upesi, na kwa kuwa hakuna uzi wa kuvuta, konea haigeuki yai sana. Ikiwa njia inavuja, daktari hutia uzi mmoja wa nailoni bila aibu yoyote. Mama asilisugue jicho, asibebe jerikeni kichwani mpaka waseme, na alale na kikinga chake.

Ulivyotaja zamani umenikumbusha. Upandikizaji wa kwanza wa konea uliofaulu kwa binadamu alifanya Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905, mjini Olomouc, katika nchi ambayo leo ni Cheki. Uzi wa sifuri kumi haukuwapo. Konea aliyoipandikiza hakuishona yenyewe. Aliishikilia kwa juu ikae mahali pake. Nikiwa thieta nikiangalia daktari akilalamika kwamba sindano yake si kali, humfikiria Zirm.

Nilishonwa jicho mwezi uliopita. Wekundu hauishi. Duka la dawa wameniuzia matone yenye deksamethasoni na antibayotiki pamoja, na shangazi yangu ananikamulia majani fulani. Jicho limetulia sasa. Niendelee? — Mama Aisha, Kasese

Acha majani leo. Sijui ni majani gani na sihitaji kujua. Yamekamuliwa kwa mkono, maji yake hayajachemshwa, na wewe una tundu la sindano jichoni. Kuvu hupenda mlango kama huo, na kuvu ya konea ni vita virefu kuliko jeraha lililokupeleka hospitali. Mwambie shangazi nimemsalimu na namheshimu.

Matone nayo ni habari ya ndani zaidi. Deksamethasoni ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hata sisi tunaitoa baada ya kushona, kwa kipimo. Konea ikiumia, seli zake zilizolala kati ya tabaka huamka, nyingine hufa na nyingine hugeuka kuwa mafundi wa dharura. Mafundi hao wanajenga haraka na ovyo, kolajeni yao haina mpangilio wa ule mkeka niliousema, na hicho ndicho kiwingu cheupe mnachokiita kovu. Steroidi huwatuliza, kovu likawa jepesi. Lakini ikiwatuliza mno, kidonda hakishiki, na uzi unabaki peke yake kazini. Zaidi ya hapo huongeza shinikizo la jicho kwa baadhi ya watu, na huficha maambukizi: wekundu unaondoka, vijidudu vinaendelea. Kwa hiyo "limetulia" katika barua yako halinifurahishi. Usiyaache ghafla kwa kusoma gazeti tu; nenda na kichupa chenyewe mkononi, waangalie kwa mashine kama kuna uzi uliolegea. Wekundu usioisha baada ya mwezi mara nyingi una sababu, na sababu hiyo mara nyingi naitoa kwa kibano.

Kama una kisukari, waambie kabla hawajauliza. Ngozi ya juu ya konea ya mwenye kisukari hujifunika polepole, na jicho lake halisikii maumivu vizuri, kwa hiyo kutoumwa kwake si ushahidi.

Kuutoa uzi kunauma? — Mwoga, Mukono

Mwoga wangu, kinachouma ni kungoja kwenye benchi. Nitakutia matone ya ganzi, yatachoma kwa kuhesabu kumi. Nitaosha jicho kwa maji ya ayodini. Utaweka kidevu na paji la uso kwenye mashine, utaangalia sikio langu. Nitaukata uzi kwa ncha ya sindano, kisha nitaushika kwa kibano na kuuvuta kwa upande ambao fundo litapita njia fupi, na ile sehemu iliyokuwa nje na ute wake haitapitishwa ndani ya mwili. Ukisikia kitu, ni kama mtu amekuvuta ukope mmoja. Halafu antibayotiki kwa siku chache, na usiogelee.

Mzee mmoja wa Kapchorwa aliniomba uzi wake. Alitaka kuwaonyesha nyumbani, kwa kuwa wajukuu walikuwa hawaamini kwamba ameshonwa. Nikaubandika kwa plasta kwenye kadi yake ya kliniki, chini ya tarehe ya kurudi. Alirudi baada ya miezi miwili na kadi ile ile, plasta imechakaa na kuwa nyeusi pembeni. Tuliuangalia pamoja, mimi kwa darubini na yeye kwa jicho lake lililopona. Mimi sikuuona uzi. Yeye akaapa upo.